Maji Saba ya Maharage ya Udongo

Sufuria yangu ilirudi imejaa. Nilikuwa nimeondoka nayo Arua asubuhi na mapema, maharage yaliyoungwa kwa odii, ile siagi yetu ya simsim na karanga, nikaifunga kwa kitambaa cha maua na kuipakata magotini hadi Koboko, kwa sababu mwanamke haendi matanga ya baba yake mdogo mikono mitupu. Niliiweka pamoja na sufuria za wanawake wengine kando ya ukuta wa jikoni. Saa ya kula ilipofika, wasichana walipakua, wakapita kwa wazee, wakapita kwa wageni waliokaa chini ya turubai, wakarudi kupakua tena. Walipomaliza, sufuria zote zilikuwa tupu na mbuzi walikuwa wameanza kuzinusa. Yangu ilikuwa bado imefungwa, fundo langu lilelile. Hakuna aliyenitukana. Msichana mmoja, mjukuu wa marehemu, aliinyanyua kwa adabu zote, akaniletea mahali nilipokaa, akapiga goti na kusema, "Mama, hii iko yako." Kisha akaondoka akifuta mikono kwenye gauni lake.

Kwetu watu wanaamini sumu hurithiwa, kwamba mama humwachia binti yake ujuzi huo pamoja na shanga na vyungu. Mimi ni binti wa mwanamke waliyemfukuza kwa sababu ya sumu, na sasa nina wajukuu, lakini kwa watu wa Koboko bado ni binti yule. Nilikaa nimeegemea ukuta wa nyumba ya Baba Mdogo Yasini, sufuria miguuni, nikiwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka, maana mwenye kustahili kuisikia alikuwa amezikwa jana yake. Alikula chakula kile cha mama yangu, wakasema ni sumu, naye akaishi baada yake zaidi ya miaka thelathini, akaoa mke wa pili, akamzika, akawekewa meno ya bandia. Sumu gani hiyo? Na ukuta nilioegemea ulinikera kuliko watu. Tofali za ukuta ule zilitoka shambani kwetu, na huko ndiko kulikoanzia kila kitu.

Ya baba yangu na jeshi lake sitayaeleza hapa. Wako wanaoyaeleza vizuri zaidi, na wengine kwa kutia chumvi. Inatosha kujua kwamba jeshi lile liliposhindwa tulikimbilia Sudan pamoja na wengine, baba akafia huko, na katikati ya miaka ya themanini mama na mimi tukarudi Koboko kwa ndugu za baba, mimi nikiwa na miaka kumi na minane. Mama alikuwa mtu wa upande wa Kuluva, kule kusini ya Arua. Wakwe zake walikuwa wa Koboko, na hakuna aliyewahi kuwa na hamu ya kujifunza lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili cha kambi ya jeshi, kile tulicholelewa nacho. Baba Mdogo Yasini, mdogo wake baba, alikuwa ametutangulia kurudi. Tulimkuta ameshajenga. Nyumba ya tofali, madirisha mawili, bati jipya. Mama aliipita ile nyumba bila hata kutua mzigo, akaenda moja kwa moja nyuma yake, mahali lilipokuwa shamba la baba, akasimama. Hapakuwa na shamba. Palikuwa na shimo refu kidogo kuliko goti, pana kama uwanja wa shule, na katikati yake tanuru la tofali lililobomoka. Walikuwa wamechimba udongo wote wa juu, ule wenye uhai, wakauchoma. Kilichobaki kilikuwa chekundu na kigumu, jembe linaruka ukilipiga. Mama aligeuka akaitazama nyumba ya shemeji yake kwa muda mrefu. "Udongo yetu iko pale," akaniambia. "Imesimama."

Baba Mdogo alimgawia mama shimo lilelile kuwa shamba lake, mbele ya wazee watatu wa ukoo, na wote wakasifu ukarimu wake. Alitupatia na kibanda cha nyasi pembeni, chumba kimoja kilichokuwa cha mbuzi, na harufu ya mbuzi haikutoka mwaka mzima, hata tulipopaka sakafu kwa samadi na majivu. Kisha akamkumbusha mama desturi, kwa sauti ya mtu anayemtakia mema. Mjane akipewa shamba na ukoo, mvua za mwaka zikiisha anapika chungu kilichotoka kwenye shamba lile na kuwapelekea wazee. Wakishakula, hakuna wa kumtoa tena. Ni lake hadi kufa. Asipopika, shamba halijalimwa, ni pori, na pori ni la ukoo. "Mama Asina, iko desturi tu," Baba Mdogo akasema. "Chungu moja tu. Hata kidogo." Mzee Lemi, aliyekuwa mkubwa wao, mtu wa kikohozi alichotoka nacho Sudan, akatikisa kichwa kukubali. Mama naye akakubali. Angefanya nini? Kuluva wazazi wake walishakufa na kaka zake walikuwa wametawanyika. Bila chungu kile, hatukuwa na mahali pengine duniani pa kuweka mzigo wetu.

Mvua za kwanza tulipanda mahindi ya kuomba. Yaliota, nitakuwa mwongo nikisema hayakuota. Yalifika magotini yakawa ya njano, yakasimama hivyo kwa wiki tatu, kisha yakalala. Mama hakulia. Alikwenda kwenye kona ya kibanda alikoning'iniza kopo la maziwa ya unga, akalishusha. Kopo lile alilibeba tangu Sudan, kwa miguu, na njiani nilikuwa nimemwambia mara ngapi alitupe. Ndani mlikuwa na mbegu kubwa, nyingine nyeusi, nyingine za madoadoa. Kambini kulikuwa na bwana shamba mmoja aliyewafundisha wanawake kuzipanda kwenye ardhi iliyochoka. Ni ndugu wa upupu, lakini haiwashi. Inatambaa, inafunika ardhi yote, inaua magugu, inatia nguvu kwenye udongo. Kabla haijazeeka unaikata na kuilaza palepale ioze, na mwaka unaofuata ndipo unapanda chakula chako. Wanawake wa kambini waliiita maharage ya udongo, kwa sababu mlaji wake ni udongo. Mtu naye anaweza kuila akibanwa sana, lakini bwana shamba alisimama mbele yao akahesabu kwa vidole: unaloweka, unamenya ganda, unachemsha na kumwaga maji, unachemsha na kumwaga, mara saba. Pungufu ya saba inageuza tumbo na kichwa. Mama hakujua kusoma, lakini maneno ya yule bwana aliyashika kama mtu anayeshika aya za sala.

Nilimpinga. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko vitu vyote vya mwaka ule, sauti yangu mwenyewe ikimpigia kelele mama kwenye chumba kile kidogo, jungu la majani ya kunde tupu bila chumvi likiwa katikati yetu. "Watu nalima chakula, wewe nalima majani!" nilimwambia. "Sisi nakula nini?" Mama akaendelea kumega ugali wa muhogo, muhogo tuliolipwa kwa kulimia watu. "Hii udongo iko mgonjwa," akasema. "Mgonjwa hapana beba mzigo. Kwanza yeye nakula, halafu sisi." Nikamwuliza na chungu cha wazee je, kitatoka wapi. Akasema, "Mimi nafikiri." Siku iliyofuata tulianza kutoboa ile ardhi kwa kipande cha chuma cha gari, shimo moja moja, mbegu mbili kila shimo, kwa sababu jembe lilikuwa halina maana. Viganja vyangu vilipasuka. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, wenzangu walikuwa wanasuka nywele na kwenda soko la Koboko siku za soko, na mimi nilikuwa nalisha shimo.

Kwenye bomba la maji tulichekwa. Wanawake walikuwa wakiacha kuzungumza nikifika, na nikishajaza ndoo na kugeuka, wanaendelea kabla sijaenda mbali, kusudi nisikie. "Ile mutu ya Kuluva nalima dawa." "Dawa gani?" "Uliza yeye. Maharage mutu hapana kula, iko ya nini?" Nilirudi nikamweleza mama, nikitumaini ataona aibu. Alicheka. Lilikuwa jambo la nadra kumwona anacheka mwaka ule. Mwezi wa saba mashina yalikuwa yameshikana, na mwezi wa nane hukuona tena wekundu wa ardhi, ilikuwa kijani kitupu kutoka ukingo hadi ukingo, hata tanuru lilifunikwa likawa kilima. Asubuhi moja mama aliniita, akafunua majani kwa mikono miwili, akaingiza kidole kwenye udongo, na kidole kikaingia. Kidole, mahali palipokataa jembe. Akatoa nyungunyungu mmoja mwembamba, akamweka kwenye kiganja changu na kunitazama usoni kama mtoto aliyeshinda mchezo. Nilipaswa kusema kitu. Nilimrudisha nyungunyungu chini nikaenda kuchota maji.

Baba Mdogo naye alikuja kutazama. Nilikuwa ndani ya kibanda, na kuta za fito zinapitisha macho. Alisimama ukingoni kwanza, mikono nyuma, kisha akaangalia kulia na kushoto akachutama. Alifunua majani kama mama alivyofanya, akachukua udongo, akaupondaponda, akaunusa. Alikaa hivyo muda. Siku ile niliona fahari, Mungu anisamehe, niliona kwamba hatimaye mtu mkubwa ametambua kazi yetu, hata nikamwambia mama. Mama akaacha kupepeta. "Alinusa?" akauliza. "Ndiyo." Akarudia kupepeta, lakini polepole. Jioni ile alinieleza alichokuwa amefikiri. Chungu cha wazee kitatoka kwenye kile kilichopo. Maharage yaliyotangulia kupandwa yatakuwa yamekomaa mvua zikiisha. Tutayachemsha maji saba, tutayaunga kwa odii, wazee watakula, na shamba litakuwa letu. "Chakula iko chakula," akasema. "Desturi hapana sema maharage gani."

Siku ilipofika, mama alikwenda tangu asubuhi kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na simsim, amsagie mtama wake kwa malipo ya odii. Maharage yalikuwa yamelowekwa na kumenywa. Aliyapanga kwenye chungu kikubwa, akaweka mawe madogo saba kando ya mafiga. "Kila maji, tupa jiwe moja," akaniambia. "Saba, Asina. Hapana tano, hapana sita." Nikamwambia nimesikia. Bomba lilikuwa mbali na siku ile lilikuwa na foleni hadi barabarani, kwa sababu lori la watu waliorudi kutoka Sudan lilikuwa limeshusha watu asubuhi. Maji ya kwanza nilitupa, meusi kama wino. Ya pili. Ya tatu. Kila mara naenda bombani, nasimama, nasikia yale ya kila siku kuhusu mama, narudi na ndoo, kuni zinanitia moshi machoni. Baada ya maji ya nne niliyaangalia maharage nikaona yamelainika, yananukia kama maharage mengine yoyote. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu si sababu. Nilikuwa na hasira. Nilizichukia zile mbegu, nilichukia kuhesabiwa mawe kama mtoto, na moyoni nilijiambia kwamba saba ni maneno ya bwana shamba tu, watu wakubwa wanapenda hesabu. Nikayachukua mawe matatu yaliyobaki nikayatupa kwenye majani ya shamba. Mama aliporudi na odii yake alitazama pale mawe yalipokuwa. "Saba?" akauliza. "Saba," nikasema.

Wazee watatu walikaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya tofali, na Baba Mdogo kama mwenyeji wao, na mama akafika na chungu kichwani akiwa amevaa kitambaa chake kizuri cha mwisho. Mzee Lemi akauliza ni chakula gani. "Maharage ya Sudan," mama akasema. "Imetoka kwa shamba mulinipa." Kwetu anayeleta chakula hutangulia kula, watu waone. Mama alitangulia. Hakuonja kwa adabu kama wengine wanavyofanya, alimega tonge kubwa, akachota, akala, akameza, akamega tena, akala. Wazee wakacheka kwa kuridhika na kuanza. Mzee Lemi alisifu odii. Baba Mdogo alichovya mara moja, akatafuna, akanawa mikono akisema tumbo lake limejaa. Mtu mmoja akaniambia na mimi nisogee nile, na mimi nikasema nimefunga. Sikuwa nimefunga. Nilikuwa nimekumbuka mawe.

Haikuchukua hata saa nzima. Mzee Lemi alianza, akatapika hapohapo kwenye mkeka, akafuata wa pili, na yule wa tatu akawa anatembea huku na huko akiongea maneno yasiyoeleweka, akiwaita watu waliokufa. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya kibanda anatapika hadi nyongo, na hakuna hata mmoja aliyemhesabu yeye kama mgonjwa. Nilisikia mwanamke anasema, "Yeye alikula kidogo ya kudanganya macho." Mwingine akasema, "Na binti? Binti alikataa." Hapo neno sumu lilitamkwa, na aliyelitamka kwanza, kwa sauti ya huzuni kabisa, alikuwa Baba Mdogo Yasini. Kufikia kesho yake wote walikuwa wamepona. Lakini Mzee Lemi, na kikohozi chake kile, hakufika mwisho wa kiangazi, na watu walikuwa tayari wamejua aliuawa na nini.

Walitupa siku tatu tuondoke. Mama alijitetea mara moja tu, mbele ya wote. Aliwaeleza yale maharage ni ya namna gani, akawaeleza maji saba, akasema binti yangu alibadilisha saba, binti yangu hapana danganya. Watu wote wakageuka kunitazama. Ilikuwa rahisi, neno moja tu. Lakini niliona jinsi walivyonitazama, na niliona kwamba nikisema nne, basi ni mimi niliyewalisha, na hawatanipa siku tatu. "Saba," nikasema. Mama akainamisha kichwa na hakujitetea tena.

Siku ya tatu niliamka nikamkosa. Nilimkuta shambani, panga mkononi, anakata yale majani. Alikuwa ameanza alfajiri na alikuwa amefika katikati. Anakata, analaza, anakata, analaza, vizuri, bila kuacha ardhi wazi. Nilimwambia gari linaondoka. Nilimwambia yeye ana wazimu, anamlimia nani, hawa watu wametufukuza. Hakuinua hata kichwa. "Ikikaa hivi mbegu nakomaa, mizizi nakuwa ngumu, kazi yote naharibika," akasema. "Shika ile upande." Nikashika upande ule. Tulimaliza jua likiwa utosini, na wakati wote Baba Mdogo alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake anatutazama. Mwaka uliofuata, waliotoka Koboko walituletea habari za mahindi yake hata bila kuulizwa. Walisema alivuna hadi akakosa pa kuweka.

Sisi tulipanga chumba Oli, pembeni mwa mji wa Arua, karibu na mto, na mama akapata vitalu viwili vitatu vya mchicha na sukuma wiki. Hakupanda tena kitu cha kulisha udongo. Alipanda vya kung'oa ndani ya wiki nne, anang'oa, anapanda tena, mpaka vitalu vikachoka, anahamia vingine. Aliuza sokoni kwa muda, kisha mtu wa Koboko akampita, akamtambua, akanong'ona kwa jirani yake, na kuanzia hapo mafungu yake yalikuwa yananyauka mezani wakati ya wenzake yanakwisha. Chumbani tulipika wawili, tukala wawili. Jirani akituletea chakula, mama alirudisha sahani ikiwa imeoshwa na tupu, kinyume cha uungwana wote aliofundishwa, kwa sababu alijua ikirudi na kitu, kitamwagwa. Niliona hayo yote kila siku kwa miaka. Kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema nne, na kila siku ikawa ngumu zaidi kuliko jana yake, mpaka nikaolewa, nikazaa, na nikaanza kujiambia kwamba imeshapita.

Mwishoni alilazwa Kuluva, hospitalini, kwenye ardhi ya kwao. Alikuwa amekonda akawa mwepesi, namgeuza kwa mkono mmoja. Mchana mmoja, wengine wakiwa wamelala, alifungua macho akaniita. "Asina. Ile siku. Ilikuwa saba?" Nilikuwa mtu mzima, nina watoto watatu, hakuna aliyekuwa anatusikiliza, hakuna wa kunifukuza popote. Sijui kwa nini. Labda niliona nikimwambia atakufa akinichukia. "Saba, mama," nikasema. "Basi ile bwana shamba alidanganya mimi," akasema, akafumba macho. Alikufa baada ya siku mbili. Kitu kimoja alichokijua kwa hakika maishani mwake, na ambacho alikijua sawasawa, nilimnyang'anya akiwa kitandani.

Ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu pale ukutani, sufuria miguuni. Nikapiga moyo konde. Nikainyanyua sufuria, nikaingia ndani kwa Mama Mdogo Hawa, mjane wa Yasini, aliyekuwa amekaa eda kwenye chumba cha nyuma. Ni mzee sasa, amekula chumvi nyingi, macho yana ukungu. Chumba kilikuwa hakijapigwa lipu, tofali ziko wazi, nyekundu. Nilikaa mkekani, nikampa pole, nikasubiri wanawake waliokuwa naye watoke. Kisha nikasema, "Mama Mdogo, ile maharage ya mama haikuwa na sumu. Mimi ndiyo nilipika. Mama alisema maji saba. Mimi nilibadilisha mara nne tu, halafu nilidanganya yeye. Nilidanganya watu yote."

Nilitegemea apige kelele. Alijifuta macho kwa ncha ya shuka. "Asina," akasema, "sisi tulijua."

"Nani alijua?"

"Yasini. Na mimi. Sisi pia tulikaa Sudan. Wakati chakula ya kambi ilikwisha, sisi pia tulikula ile maharage. Mimi mwenyewe nabadilisha maji mpaka mikono naungua. Ile siku Yasini alionja kidogo, akaja hapa ndani, akasema, Hawa, ile maharage iko bado mbichi."

"Na wazee wako nje nakula? Kwa nini hakuzuia?"

Nje watu walikuwa wanakunja turubai. "Udongo ilikuwa imekwisha kuwa muzuri," akasema.

Kwa hiyo hata kama ningesema nne siku ile, Yasini angetafuta njia nyingine ya kulichukua shamba. Au labda asingethubutu. Labda neno langu lingemfunga mdomo mbele ya wote. Sitajua. Nilimwambia Mama Mdogo basi awaite wajukuu wake awaambie, awaambie leo, wasikie kwamba mama yangu hakumtilia mtu kitu. Alitikisa kichwa. "Naambia nini? Kama babu yao alikula shamba ya mjane? Kaburi iko bado mubichi, Asina. Hii habari wao alikulia nayo." Nikafungua fundo la kitambaa, nikafunua sufuria, nikachukua kijiko kilichokuwa kwenye sahani yake nikakichovya na kumpa. "Basi kula wewe," nikasema. "Wewe najua." Akakishika kijiko. Mlangoni alikuwa amesimama yule mjukuu aliyenirudishia sufuria, anatutazama, na bibi yake akamwona. Akakirudisha kijiko ndani ya sufuria, taratibu, asimwage.

"Nimeshiba," akasema.

Shamba liko palepale nyuma ya nyumba. Mahindi yalikuwa marefu kuliko mimi. Niliingia hadi tuta la katikati, lilipokuwa tanuru, nikachimba kwa vidole, na vidole vikaingia bila shida. Nikamwaga maharage yote mle, nikayafunika, nikapangusa sufuria kwa majani na kwenda kutafuta gari la kunirudisha Arua.